Sefu ya marehemu baba imegoma na ufunguo haupo. Baba mdogo kashaita grenda. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

#1 Binti Karani (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Wakuu habari za usiku. Sijawahi kuanzisha uzi, huwa nasoma na kupita, kwa hiyo kama nimekosea jukwaa wasimamizi mnihamishe taratibu.

Baba yetu katangulia mbele ya haki, arobaini imeshapita. Alikuwa karani shamba la mkonge huku Muheza miaka mingi. Ofisi ya shamba ilipofungwa wakauza vitu, wenzake wakachukua meza na mabati, yeye akanunua sefu. Mama anasema ililetwa na wanaume saba kwa tela la trekta, na mlango wa chumba ukabomolewa ndiyo ikapita. Mimi nimezaliwa nimeikuta pale pale.

Ufunguo alikuwa anautunza mwenyewe, hata mama hajawahi kuushika. Tumepekua makoti, magodoro, kopo za misumari, hakuna. Tunachoamini kiko ndani ni hati ya kiwanja, vyeti, na ukoo mzima una hakika kuna hela. Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Baba mdogo amehangaika nayo siku mbili kwa waya na msumari aliopinda. Imeshindikana. Sasa ameita kijana wa kuchomelea aje na grenda Jumamosi, kwa elfu themanini. Mama hataki, ila hawezi kubishana na shemeji yake mbele za watu.

Maswali yangu: yupo fundi wa kufungua sefu bila kuikata? Nitamjuaje kwamba si mwizi anayekuja kusoma ramani ya nyumba? Na bei ikoje? Naomba kuwasilisha.

#2 Kiroboto Mzee (Jumanne, saa 3:52 usiku)

Mkuu mimi naleta gunia tu. Nakaa pale.

#3 Tindo la Mzee (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Mkuu pole kwa msiba. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nimeifanya Dar zaidi ya miaka ishirini, nikianzia kuchonga funguo za kabati kibarazani Kariakoo. Kabla ya yote mwambie baba mdogo atoe waya, kwa heshima, lakini autoe leo. Na msitie mafuta ya cherehani kwenye tundu la ufunguo. Najua kila nyumba ina mtu wa kushauri mafuta ya cherehani. Yakikutana na vumbi la miaka yanakuwa uji, na ule uji unakaa hasa pale tunapotaka vibao vya kitasa, vile vinavyoinuliwa na ufunguo, vinyanyuke na kushuka kwa uhuru.

Kuhusu grenda. Sefu si kabati. Kati ya bati la nje na la ndani pamejazwa kitu cha kuzuia moto, na sefu za zamani zilijazwa vitu vingi: zege, vumbi la mbao lililochanganywa na shabu, na baadhi yake asibesto. Ukikata hujui unavuta nini puani. Jiwe la grenda likishapenya, cheche zinaingia ndani, na ndani ndiko kuliko na hizo hati mnazozitafuta. Tena kijana atakata mlangoni, mahali penye chuma kigumu kuliko pote, kwa sababu ndipo macho yanapokwenda. Atamaliza mawe ya kukatia dazeni na kitasa kitakuwa kimekufa kabisa.

Nijibu haya:
Bamba la mlangoni limeandikwa nini?
Matundu ya funguo ni mangapi?
Mkono wa mlango unacheza hata kidogo au umekaza kabisa?
Waya wa baba mdogo ulipoingia, kuna mlio wowote mlisikia?

#4 Mpwani wa Kisauni (Jumanne, saa 5:05 usiku)

Huku Mombasa jirani yetu wa duka alifanya hayo ya grenda. Sefu ndogo ya ukutani, funguo imepotea, akamwita kijana wa jua kali. Ilifunguka, siwezi kudanganya. Ila noti za juu zilikuwa nyeusi kama mkate uliosahauliwa kwenye jiko, na pasipoti ya mke imejikunja. Sefu yenyewe sasa anafugia kuku. Sikiliza huyo fundi.

#5 Binti Karani (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Asante fundi. Kwanza mimi si mkuu, ni dada. Nimeamka mapema kuangalia kabla watu hawajaja.

Bamba ni la shaba, limechakaa. Nimelisugua kwa ndimu na chumvi, nimesoma Chubb na London. Tundu ni moja, lina kifuniko kidogo cha shaba cha kusukuma pembeni. Mkono umekaza. Kuhusu mlio, mdogo wangu anasema siku ya pili ya waya ilisikika "tik" moja, baba mdogo akafurahi akadhani imekubali.

#6 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 2:30 asubuhi)

Samahani dada. Hiyo "tik" ndiyo niliyoiogopa. Ngoja nikueleze, na wengine msome, kwa sababu hili jambo linawapoteza hata mafundi.

Mwaka 1817 kule Uingereza bandari ya kijeshi ya Portsmouth iliibiwa kwa funguo bandia. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayebuni kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Jeremiah Chubb akaleta chake mwaka 1818. Ndani yake aliweka mtego: ukiingiza waya au ufunguo usio wake ukainua kibao kimoja kupita kiasi, kibao kinanasa juu. Kuanzia hapo hata ufunguo halali haufungui. Mwenye mali akija na ufunguo wake ukagoma anajua kuna mtu alichezea. Kitasa kinatoa taarifa bila kusema neno. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi vitasa aliahidiwa msamaha na pauni 100 akikifungua, akakaa nacho miezi, akashindwa.

Kwa hiyo baba mdogo, pamoja na nia yake njema, huenda amekinasisha. Si mwisho wa dunia. Vitasa hivyo hurudishwa kwa kuzungusha ufunguo sahihi upande wa kufungia kwanza, ndipo uzungushe wa kufungua. Watu wengi wana ufunguo halali mkononi, umegoma kwa sababu hii, na wanaita grenda.

Msije mkadhani kitasa hicho ni muujiza. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani anaitwa Alfred Charles Hobbs alikifungua kwa kama dakika 25, tena akakiacha kimefungwa kama alivyokikuta. Kisha akahamia kitasa cha Bramah, kampuni nyingine ya vitasa ya London, kilichokuwa kinakaa dirishani mwa duka lao na tangazo la zawadi ya gini 200, yaani pauni 210. Hicho kilimla saa 51 zilizotawanywa siku 16. Waingereza hawakulala vizuri mwaka ule. Ninachotaka kusema ni kwamba kinafunguka, kwa mtu mwenye mikono na subira.

Tanga mjini yupo mzee aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Nakutumia PM.

#7 Jicho la Kware (Jumatano, saa 4:10 asubuhi)

Fundi unazunguka sana na historia. Tuambie tu kwa sefu za kawaida za dukani pakutoboa ni wapi, kila mtu ajisaidie.

#8 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 4:18 asubuhi)

Pa kutoboa sisemi. Kwanza kila sefu ina pake. Pili baadhi zina kioo nyuma ya kitasa, ukikigusa na drili kinavunjika na makomeo mengine yanaruka kufunga mlango kwa namna ambayo hata ufunguo hauwezi kuyarudisha, na hapo kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili. Tatu, wewe mkuu sefu yako ni ipi na imegoma lini? Sijaona ukiitaja.

#9 Kiroboto Mzee (Jumatano, saa 4:25 asubuhi)

Jicho la Kware kaulizwa swali dogo, kaenda kunywa maji 😂

#10 Mama Miamala (Jumatano, saa 6:02 mchana)

Naomba nidandie uzi huu dada Binti Karani usinichukie. Mimi ni wakala wa miamala hapa Mbeya. Sefu yangu ni ndogo ya vitufe, ya kufungia kwenye kabati. Tangu jana nikibonyeza namba taa ya kijani inawaka, inalia pii, lakini mkono hauzunguki. Namba ni ile ile, sijabadilisha. Floti yangu iko ndani na wateja wananikimbia. Fundi wa simu hapa jirani anasema bodi imeungua.

#11 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 6:20 mchana)

Bodi ikiungua haitawasha taa ya kijani dada. Hizo ni betri.

Taa na mlio vinakula umeme kidogo sana. Lakini namba ikikubaliwa, kuna sumaku ya umeme ndani inayotakiwa kuvuta pini ili mkono uzunguke, na hiyo inataka nguvu kwa ghafla. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa wiki nzima na isiweze kuvuta pini hata mara moja. Toa zote, weka mpya zote kwa pamoja, za alkali, si zile za bei chee za kwenye kibanda. Usichanganye mpya na nzee.

Ukibonyeza namba, usiwe umeukandamiza mkono wa mlango. Usukume mlango ndani kidogo kwa goti, ili makomeo yasibane fremu, ndipo uzungushe. Sefu nyingi zinazoitwa mbovu zina mlango uliobanwa na bunda la noti lililochomoza.

Ikigoma tena usijaribu namba kumi kumi. Nyingi ukikosea mara tatu au nne zinajifungia kwa dakika kadhaa, na kila ukigusa unaanza kuhesabu upya. Kanywe chai.

Pia angalia karibu na vitufe, pengine chini ya nembo au kifuniko cha plastiki. Kuna tundu la ufunguo wa dharura. Ilikuja na funguo mbili ndogo, ziko wapi?

#12 Mama Miamala (Jumatano, saa 6:24 mchana)

Fundi naona aibu. Zile funguo mbili niliziweka ndani ya sefu zisipotee.

#13 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 6:26 mchana)

Usione aibu. Kwa kila kumi ninazoitiwa, kadhaa ziko hivyo hivyo. Nenda kanunue betri.

#14 Wakili wa Kijiweni (Jumatano, saa 8:45 mchana)

Binti Karani, kabla hamjafikiria fundi fikirieni karatasi. Sefu ya marehemu ni sehemu ya mirathi. Kilichomo ni cha warithi wote, si cha aliyefika kwanza na nyundo. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mnayempendekeza aende mahakama ya mwanzo apewe usimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye mwenye haki ya kusimamia ufunguzi. Siku hiyo mwenyekiti wa mtaa au kitongoji awepo, warithi wawepo au wawakilishi wao, na kila kitakachotoka kiorodheshwe pale pale na watu watie saini. Nimeona kesi ya ndugu wanashtakiana miaka minne juu ya bahasha ambayo hakuna anayejua kama ilikuwepo.

Na fundi anayekubali kufungua sefu ya marehemu bila kuuliza hiyo barua, mwogopeni zaidi ya grenda.

#15 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 9:00 alasiri)

Wakili kanijibia swali la pili la dada, la kumjua mwizi. Fundi wa kweli atakuchosha kwa maswali: kitambulisho, barua, wewe ni nani kwenye nyumba hii, mwenye mali yuko wapi. Kwa ofisi mimi nadai barua yenye mhuri na watu wawili wa kusimama nami. Akimaliza anakuandikia kafanya nini, kachonga funguo ngapi, na zote anakukabidhi. Anayesema "nielekeze tu nyumba, nije usiku kukiwa kumetulia", funga mlango.

#16 Mhasibu Asiyelala (Jumatano, saa 2:10 usiku)

Na sisi je? Ofisi yetu ya saccos ina sefu ya kuzungusha namba, duara lenye 0 mpaka 99. Meneja wa zamani kaondoka kwa amani, kakabidhi namba tatu kwenye karatasi, kasaini. Tumezungusha mpaka vidole vinauma. Kila mtu anasema mwenzake hajui. Bodi imeanza kumtilia shaka meneja. Ndani kuna vitabu, hundi na flashi za hesabu za miaka mitatu.

#17 Tindo la Mzee (Jumatano, saa 3:30 usiku)

Msimuue meneja bado.

Duara lile nyuma yake kuna diski tatu, kila moja ina mkato. Mikato mitatu ikikaa mstari mmoja, kijino kinadondoka na kitasa kinafunguka. Vingi vya Kimarekani vinakwenda hivi: zungusha kushoto hadi namba ya kwanza ikutane na alama kwa mara ya nne. Kulia hadi namba ya pili ikutane na alama kwa mara ya tatu. Kushoto hadi ya tatu kwa mara ya pili. Halafu kulia polepole mpaka duara ligome, hapo vuta mkono.

Watu wanakosea mambo mawili. La kwanza wanahesabu mizunguko badala ya kuhesabu namba inavyopita alama, na wakipitiliza kidogo wanarudi nyuma. Hairudishwi. Ukipitiliza hata mstari mmoja anza upya tangu mwanzo.

La pili ndilo ninalokushuku wewe. Angalia pete iliyozunguka duara. Mara nyingi ina alama mbili, moja juu kabisa pale saa inapoonyesha kumi na mbili za Kizungu, nyingine pembeni kushoto kama kwenye kumi na moja. Ya juu ni ya kufungulia, ya pembeni ni ya kubadilishia namba tu. Mnatumia ipi?

Na hizo flashi ziondoeni humo hata mkiifungua. Sefu ya kuzuia moto hupimwa kwa karatasi: kipimo cha Marekani kinataka joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda ulioandikwa mlangoni, nusu saa, saa moja au mbili. Karatasi inavumilia. Kwa flashi na diski kipimo ni nyuzi 52. Mtatoa plastiki iliyoyeyuka kwenye sefu iliyofaulu mtihani. Tena sefu ya moto si lazima iwe ya wezi, ni vitu viwili, muuzaji akikuambia moja inafanya yote muombe akuonyeshe cheti.

#18 Bwana Pembeni (Jumatano, saa 4:00 usiku)

Hili la namba linanikumbusha Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa Los Alamos wakati wa bomu la atomiki miaka ya 1940. Alikuwa anafungua makabati ya siri ya wenzake mpaka wakamwona mchawi. Uchawi wenyewe nusu yake ni kwamba watu walikuwa wanaacha namba za kiwandani, au wanaweka wanazozipenda. Mmoja aliweka 27-18-28, tarakimu za namba e (2.71828), ambayo mtu wa hesabu yeyote anaijua. Sasa jiulize wangapi humu sefu zao ni mwaka wa kuzaliwa mtoto wa kwanza.

#19 Mama Miamala (Alhamisi, saa 3:15 asubuhi)

IMEFUNGUKA. Nilinunua betri za kwenye kibanda kwanza, nikaona ubishi wa nini, ikagoma. Nikaenda duka la vifaa vya umeme nikanunua za alkali, mara ya kwanza tu nikasukuma kwa goti, ikafunguka. Fundi wa simu nimempitia nikamwonyesha. Fundi Tindo Mungu akuongezee. Funguo ndogo sasa ziko kwa mama mkwe, na huko hakuna atakayezipata, hata mimi.

#20 Mhasibu Asiyelala (Alhamisi, saa 5:40 asubuhi)

Ilikuwa alama ya pembeni. Watu sita, wiki mbili, alama ya pembeni. Tumempigia meneja wa zamani kumsalimia tu.

#21 Binti Karani (Ijumaa, saa 3:00 usiku)

Nimesoma yote. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshapata barua ya usimamizi wiki iliyopita, kumbe wengine hatukujua uzito wake. Leo kaka kaja na hiyo barua, kamwonyesha baba mdogo maneno ya wakili na maneno ya fundi juu ya cheche. Nilidhani patachimbika. Baba mdogo akauliza kitu kimoja tu: "Huyo mzee wa Tanga analipwa na nani?" Kaka akasema tutachanga. Grenda imeahirishwa. Mzee anakuja kesho.

#22 Binti Karani (Jumapili, saa 1:30 usiku)

Wakuu tumefungua. Nawaandikia kwa kirefu maana mmetusaidia.

Mzee alifika na kijana wake, wamebeba kibegi kimoja. Baba mdogo akashangaa, alitegemea mitungi ya gesi. Kabla hajakaa akaomba barua, akaisoma mpaka mhuri, akaomba kitambulisho cha kaka, akauliza mwenyekiti wa kitongoji yuko wapi. Tukamsubiri mwenyekiti dakika arobaini, mzee anakunywa uji, hana haraka. Akauliza nani aliingiza waya. Kimya. Baba mdogo akainua mkono kama mtoto wa darasa la pili. Mzee akacheka, akamwambia "umenipunguzia kazi, sasa najua pa kuanzia".

Halafu ikawa kazi ya kuchosha kuitazama. Alipuliza vumbi. Akaingiza kamera ndogo ya waya akaangalia kwenye simu ya kijana. Akachukua kipande cha ufunguo kisicho na meno, akaanza kusoma kitasa: anaingiza, anagusa, anatoa, anatazama kwa miwani, anapitisha tupa mara mbili, anaingiza tena. Hivyo hivyo kuanzia saa nne asubuhi. Hapigi, halazimishi. Adhuhuri alisimama akaswali, akala, akarudi. Watoto waliokuja kuona hela walichoka wakaondoka.

Kwenye saa tisa akasema ufunguo umekamilika. Akauzungusha, ukagoma. Baba mdogo akanitazama kwa jicho la "si niliwaambia". Mzee akauzungusha upande wa pili, upande wa kufungia. Ikalia tik. Ile ile. Akaurudisha, ukazunguka wote, na sauti ya makomeo yanatoka niliisikia mpaka miguuni.

Mlango bado haukutoka, bawaba zilikuwa na kutu. Hapo ndipo mafuta yalipotumika, kwenye bawaba, si kwenye kitasa. Nusu saa nyingine.

Ndani. Hati ya kiwanja ipo, ndani ya mfuko wa nailoni, ina unyevu pembeni lakini inasomeka. Vyeti vyetu vyote vya kuzaliwa. Mkufu wa mama ambao alidhani baba aliuza mwaka tuliopata shida ya ada, na alinyamaza nao miaka yote hiyo. Bunda la vipande vya zamani vya wakata mkonge, zile kadi zenye vyumba 30 vya kuwekea alama siku za kazi, zimefungwa kwa kamba ya katani, na majina ya watu. Hatujui kwa nini alizitunza.

Na hela ipo. Laki nane na arobaini, noti za elfu kumi kumi, zote toleo la zamani lile la 2003. Mwenyekiti ndiye aliyezitambua. Benki Kuu ilitangaza kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si fedha halali tena. Baba alikuwa anaumwa kipindi kile, na hakuna aliyejua zimo. Baba mdogo alizihesabu mara mbili, akazirudisha mezani, akatoka nje kuvuta sigara.

Tumeorodhesha kila kitu, tumesaini.

Mzee alitoza laki tatu na nusu. Humo kafungua kitasa chote mezani, kakisafisha kibao kimoja kimoja kwa brashi, kabadilisha springi mbili zilizolika, na kachonga funguo mbili. Sefu haina tundu hata moja jipya. Kaka anasema ghali. Mama katoa laki moja yake kwenye hiyo na hajasema kitu, kavaa mkufu.

#23 Kiroboto Mzee (Jumapili, saa 1:50 usiku)

Narudisha gunia. Poleni kwa hizo noti, inauma.

#24 Mpwani wa Kisauni (Jumapili, saa 2:20 usiku)

Hivyo vipande usivitupe dada. Hayo majina ni ya watu, na watoto wao huenda wapo hapo hapo Muheza.

#25 Tindo la Mzee (Jumapili, saa 3:05 usiku)

Shikamoo kwa mzee wangu, nimempigia, kasema uji wenu ni mzuri.

Mambo machache ya utunzaji. Chumvi ya pwani inakula chuma polepole, na sefu ikikaa imefungwa inatengeneza jasho lake. Ifungueni mara moja kwa wiki ipate hewa. Weka ndani vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu, ukiona mwezi umepita vibadilishe. Hati iwe kwenye mfuko mkavu, isigusane na ukuta wa sefu. Chini inueni kwa mbao mbili isikae juu ya sakafu ya saruji.

Na kubwa kuliko yote: ufunguo mpya, au namba mpya kwa wenye za vitufe, ujaribuni mara tatu nne mlango ukiwa WAZI, makomeo yatoke na kurudi, ndipo mfunge. Nimeitwa mara nyingi kufungua sefu niliyoifungua jana yake.

#26 Binti Karani (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Fundi umechelewa. Mama kaifunga tangu jana jioni, na funguo zote mbili kazifunga kwenye pindo la kanga. Ila usihofu, nimemwomba ajaribu sasa hivi. Imefunguka. Kaifunga tena.